Uta Ukutani Si Kosa, Shida Ni Unakoupeleka

Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi wa Kitui Kusini



Kila nikija pande hizi za Mutha huulizwa kama serikali imepiga marufuku uta na mishale. La. Podo la babu lililoning'inia ukutani halikupeleki kortini. Linalokupeleka kortini ni mahali ulipokutwa nalo na ulichokusudia kufanya.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikumsaza hata anayewinda kitoweo cha watoto: iliweka faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi 6. Digidigi mmoja hana bei hiyo. Ukiuza nyama, adhabu ni kali zaidi. Na ukikutwa na mishale ndani ya mbuga ya Tsavo, kusema unatafuta mbuzi aliyepotea hakutakuokoa.

Kwenye mikutano ya siasa na maandamano, uta uachwe nyumbani. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatupa haki ya kukusanyika kwa amani, bila silaha.

Vijana wameniuliza pia kuhusu ule upinde wa kisasa wenye kitako na kifyatuo kama bunduki. Kabla ya kuagiza mtandaoni, ulizeni polisi. Kukosa risasi hakuufanyi kuwa kibali cha kuwinda.

Sasa ndovu, maana najua ndilo lililowaleta. Anavunja ua usiku, anamaliza mahindi ya msimu mzima, nawe una mshale wenye sumu mkononi. Usiupige. Sumu ile haimwangushi papo hapo. Ataondoka na maumivu, na kesho atakayekutana naye njiani huenda akawa mtoto anayekwenda kuteka maji. Nawe, uliyekuwa mlalamikaji, unageuka mshtakiwa.

Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kudai fidia ya mimea, mifugo, majeraha na kifo. Kwa kifo iliweka shilingi milioni 5. Ndiyo, najua fidia huchelewa, na sitawadanganya kwamba italipwa kesho. Lakini dai lisiloandikwa halilipwi kabisa. Kukipambazuka, usifyeke mabua yaliyovunjwa wala usifute nyayo. Piga picha, mwarifu chifu na ofisi ya KWS siku hiyo hiyo, ujaze fomu, ubaki na nakala yako.