Mipira Mikubwa kwa Gari Isiyofanyiwa Mageuzi

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya madereva wa Serikali, maofisa wa usafirishaji na wananchi wenye gari za kupitia njia mbaya. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.



Kila masika yanapoingia, njia za ndani za Unguja na Pemba huzaa shauri moja miongoni mwa wenye gari. Gari imekwaruza tumbo lake juu ya jiwe, au imekwama katika udongo wa mfinyanzi kwenye kilima cha Pemba, na abiria wameteremka kusukuma. Hapo husemwa kwamba dawa ni kutia mipira mikubwa. Springi zibaki zile zile, ekseli zile zile, breki zile zile; mipira tu ndiyo ibadilishwe. Shauri hilo aghalabu hupitishwa kwa fundi wa pancha, chini ya mwembe, na jioni yake gari hurudi imesimama juu zaidi, yapendeza kuitazama, na dereva wake amefurahi. Mazungumzo haya yanahusu mambo yanayofuata baada ya furaha hiyo.

Ili maneno yasielee hewani, ichukuliwe gari moja kuwa mfano, nayo ni Suzuki Jimny yenye injini ya lita 1.3, ya umbo lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018. Kwa kawaida gari hiyo hutoka kiwandani na mipira ya 205/70R15. (Ile ya sisi 660 iliyotengenezwa kwa soko la Japani huvaa mpira mwembamba wa 175/80R16, na hesabu zake ni nyengine.)

Namba hizo si pambo. 205 ni upana wa mpira kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu wake, lakini si kwa milimita. Ni asilimia 70 ya ule upana. R inajulisha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 381. Mwenye penseli na kipande cha karatasi ataona kwamba ubavu mmoja una milimita 143 na nusu, bavu mbili ni 287, na ukijumlisha rimu, mpira mzima una kimo cha milimita 668. Kwa hesabu hiyo hiyo, mpira wa 215/75R15 una milimita 703 na nusu, na ule wa 235/75R15 una milimita 733 na nusu. Wa kwanza umezidi ule wa kiwandani kwa asilimia 5 na kidogo, wa pili kwa karibu asilimia 10.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mpira ukizidi milimita 35, gari hainyanyuki milimita 35. Ekseli imekaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo nusu tu ya ziada ndiyo inayoingia chini yake. Mpira wa 215/75 huinua ekseli na difu kwa milimita 18, ambazo hazifiki upana wa kidole gumba. Ule wa 235/75 huinua kwa milimita 33, yaani vidole viwili. Vidole viwili si kitu cha kudharauliwa mbele ya jiwe lililochomoza njiani, lakini ndiyo faida yenyewe yote ya kimo, na inafaa iwekwe katika mizani pamoja na gharama zake.

Gharama ya kwanza ni nafasi. Gari ambayo haikubadilishwa springi wala haikukatwa bampa ina nafasi ile ile iliyopangiwa mpira wa kiwandani. Usukani ukizungushwa mpaka mwisho, mpira mpana huweza kugusa kona ya bampa, madigadi, au mikono ya chuma inayoshika ekseli ya mbele. Ikiwa gari imesimama tupu kwenye uwanja wa ofisi, yamkini hapatagusa kitu. Lakini ikipakia watu wanne na mizigo, kisha gurudumu moja likapanda jiwe, springi hubonyea na mpira huingia ndani ya tao lake. Hapo ndipo husikika mkwaruzo. Zaidi ya hayo, rimu ya Jimny ina upana wa inchi 5 na nusu, ilhali mpira wa 235/75 umepangiwa rimu kuanzia inchi 6. Fundi anaweza kuusukumiza ukaingia; kuingia kwake si dalili ya kwamba unafaa.

Gharama ya pili ni nguvu. Gea zimehesabiwa kwa gurudumu la kimo maalumu. Gurudumu likizidi kwa asilimia 10, nguvu ya kuvuta inayofika ardhini hupungua kwa kiasi cha asilimia 9, kwa kila gea. Gari yenye injini ndogo huona upungufu huo mara moja: mlima uliokuwa ukipandwa kwa gea ya tatu sasa hudai gea ya pili, klachi hutumika zaidi, na mafuta hupotea. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mtu hutia mpira mkubwa ili apande mahali pagumu, kisha gari yake ikashindwa kupanda mahali pepesi.

Na breki ni hivyo hivyo kwa upande wa pili. Breki haikukua pamoja na mpira. Ili gari isimame katika masafa yale yale, mguu wa dereva unapaswa kukaza zaidi, na mpira mkubwa, ambao aghalabu ni mzito zaidi, haukubali upesi kuacha kuzunguka. Dereva akiwa peke yake katika njia tambarare huenda asitambue. Akiwa na mkunga, mgonjwa na jamaa wawili wa mgonjwa, wakiteremka kilima kilicholowa, atatambua.

Jambo jengine linahusu kipimamwendo, nacho kinagusa ofisi zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Kifaa hicho huhesabu mizunguko, hakijui kwamba kila mzunguko sasa umekuwa mrefu zaidi. Kwa mpira wa 235/75, kinapoonesha kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kweli ni karibu 55. Kinapoonesha 80, kweli ni karibu 88. Dereva hupita mwendo uliowekwa hali ya kuwa anaamini kuwa anautii.

Masafa nayo huandikwa pungufu. Chukua gari ambayo kwa lita 10 ilikuwa ikienda kilomita 120. Baada ya kutiwa mpira wa 215/75, hata kama mafuta hayakuzidi hata tone, kitabu cha safari kitaonesha kilomita 114. Kwa mpira wa 235/75 kitaonesha 109. Ofisa wa usafirishaji akilinganisha mwezi na mwezi ataona mafuta yamepotea, na mtu wa kwanza kutiliwa shaka ni dereva. Si haki mtu mwaminifu aitwe kujieleza juu ya mafuta ambayo hayakuibwa, kwa sababu tu hapana aliyeandika kwamba mipira ilibadilishwa. Kadhalika mafuta ya injini yanayopaswa kumwagwa kila kilomita 5,000 yatamwagwa baada ya karibu 5,490, na kila mtu atadhani ratiba imefuatwa.

Kuna kosa moja ambalo ni kubwa kuliko yote hayo, nalo huzaliwa na uchache wa fedha. Fungu la matengenezo linatosha mipira miwili tu, basi hununuliwa miwili mikubwa na kutiwa nyuma, ile ya zamani ikabaki mbele. Katika Jimny, gea ya magurudumu manne inapoingizwa, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, wala hapana difu ya katikati ya kuzisuluhisha. Mpira wa milimita 668 huenda takriban mita 2.10 kwa mzunguko mmoja. Ule wa milimita 703 huenda mita 2.21. Katika kilomita moja, wa mbele unataka kuzunguka mara 476, wa nyuma mara 452, na vyuma vilivyo katikati vinalazimishwa kukubaliana. Katika mchanga au tope, mipira huteleza na kupunguza ugomvi huo. Katika lami hakuna pa kuteleza. Usukani huwa mzito, gea hukataa kutoka, na hatimaye kinachovunjika ni gea boksi au difu, ambavyo bei yake ingenunua mipira mingi. Mipira minne iwe ya kipimo kimoja, na wa akiba uwe wa tano. Ikiwa fedha za mitano hazipo, ni bora kununua miwili ya kipimo cha kiwandani.

Je, mwenye kukwama afanye nini? Katika mchanga wa pwani, dawa iliyo rahisi ni kupunguza upepo. Kwa gari nyepesi kama hii, kushusha mpaka paundi 15 hivi huufanya mpira utandae na kukanyaga eneo kubwa zaidi, na mara nyingi gari iliyokuwa ikijizika hutoka yenyewe. Masharti ni mawili: mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na upepo urudishwe kabla ya kurudi barabarani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha gari. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ni ya bei ndogo mbele ya seti ya mipira. Katika njia za maweni, kinyume chake, upepo usishushwe ovyo, kwani jiwe la matumbawe hukata ubavu kama shoka, na ubavu uliokatwa hauzibiki. Huko kinachotakiwa ni mpira wenye ubavu imara na meno mazuri, hata kama ni wa kipimo kile kile cha 205/70. Katika tope la mfinyanzi pia, meno ndiyo yanayofanya kazi, wala si kimo.

Kwa anayeona kwamba kimo lazima kiongezwe, mpaka wa kutosheka kwa gari hii isiyobadilishwa ni 215/75R15, na hata huo upimwe kwanza. Rimu na madigadi yapakwe chokaa kwa ndani, gari ipakiwe kama inavyopakiwa kazini, gurudumu moja la mbele lipandishwe juu ya jiwe, na usukani uzungushwe pande zote mbili. Chokaa itaonesha palipoguswa. Mpira wa breki uangaliwe pia usije ukasuguliwa. Namba ya mzigo iliyo ubavuni, kwa mfano 96, ambayo ni kilo 710 kwa kila mpira, isiwe chini ya ile ya kiwandani. Na kwa kuwa mipira iliyotumika huuzwa kwa wingi, zitazamwe tarakimu nne za tarehe: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 100 za mwanzo. Siku hiyo hiyo ya kubadilisha, iandikwe katika kitabu cha safari, kwa wino, tarehe, kipimo cha zamani, kipimo kipya na masafa yaliyokuwa yakisomeka, na chini yake watie saini dereva na ofisa wake.