Je, Padri Anahitaji Falsafa?

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu, ambaye ni padri, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Nimeombwa niseme machache juu ya masomo ya seminari na faida yake katika kazi yangu. Nadhani najua ombi hili lilitoka wapi. Kila tunapokutana, wenzangu mlio wahandisi, waganga na wafanyabiashara huniuliza, "Padri, miaka yote ile mlikuwa mkisoma nini? Injili si kitabu kimoja tu?" Swali hilo ni la haki, nami leo nitalijibu.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 yataka anayejiandaa kwa upadri asome falsafa na teolojia kwa miaka isiyopungua 6, na katika hiyo miaka 2 kamili iwe ya falsafa. Hapa Tanzania wako wanaoisoma Ntungamo kule Bukoba, na wengine Kibosho kule Moshi, kabla ya kwenda kusoma teolojia. Basi kijana huyo, ambaye shauku yake yote ni kuhubiri, huanza kwa kufundishwa kuuliza: Kitu kuwapo maana yake nini? Tunajuaje kwamba tunajua? Uovu umetoka wapi?

Wako wasemao kwamba maswali hayo huharibu imani. Mimi nasema imani isiyowahi kuulizwa ni kama nyumba iliyojengwa wakati wa kiangazi. Yapendeza kuitazama, lakini paa lake halijaonana na masika.

Mtazameni Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alipokuwa na umri wa miaka 19 hivi alisoma kitabu cha Cicero, ambaye hakuwa Mkristo kamwe, na kitabu hicho ndicho kilichomwasha kiu ya hekima. Baadaye swali la uovu lilimsumbua miaka mingi, mpaka alipoyasoma maandiko ya wafuasi wa Plato na kuona kwamba uovu si kitu chenye uhai wake wenyewe, bali ni upungufu wa wema. Alibatizwa mwaka 387. Falsafa peke yake haikumpa imani, lakini ilimwondolea jiwe lililoziba njia.

Lakini mwalimu aliyenifaa zaidi katika utumishi ni Tomaso wa Akwino, wa karne ya 13. Katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, kila swali hulianza kwa kuandika hoja za wanaopinga. Baada ya hapo hutoa jibu lake, kisha hurudi na kuzijibu zile hoja moja moja. Ni kama mzee wa baraza anayemwacha mlalamikaji amalize maneno yake yote. Na anapouliza kama Mungu yupo, hoja ya kwanza kabisa anayoiandika ni ya kupinga: kama yupo Mungu ambaye wema wake hauna mpaka, mbona uovu upo?

Ndugu zangu, hayo si mambo ya vitabuni tu. Nimezika watoto wengi. Siku moja bibi mmoja alinishika mkono mbele ya kaburi la mjukuu wake akasema, "Baba Padri, Mungu alikuwa wapi?" Watu walimvuta nyuma, wakamwambia asikufuru. Niliwaomba wamwache. Swali lake lilikuwa lile lile ambalo Tomaso aliliweka la kwanza. Sikumpa hoja yo yote, kwa maana aliyefiwa hahitaji hoja. Lakini kwa kuwa nililala na kuamka na swali hilo miaka mingi, halikunitisha, wala sikukimbilia kumnyamazisha. Nilikaa naye chini, tukanyamaza pamoja. Baada ya arobaini alinijia mwenyewe, tukazungumza.

Vivyo hivyo mwalimu John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alitumia maneno yetu ya Kiswahili, sasa na zamani. Alieleza kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina bado yumo katika sasa. Akiisha kufa wa mwisho aliyemjua, huzama katika zamani. Wasomi wengine walimbishia mengi juu ya mafundisho yake ya wakati. Hata hivyo, tangu nimsome, muumini akiniletea karatasi ya majina ya marehemu wake siyasomi kwa haraka.

Falsafa bila sala, hata hivyo, hukausha moyo. Ndiyo maana seminarini tulifundishwa pia maisha ya kiroho, kwa mfano Mazoezi ya Kiroho ya Inyasi wa Loyola, yaliyochapwa mwaka 1548: kuipitia siku kila jioni, kushukuru, na kupima ni nini kilichokuvuta kwa Mungu na nini kilichokuvuta mbali naye. Hata Tomaso, mwezi Desemba 1273, baada ya jambo lililompata akiadhimisha Misa, aliweka kalamu chini wala hakukimaliza kitabu chake. Akili ilimfikisha mlangoni. Kuingia kulikuwa kwa namna nyingine.

Namalizia kwa ombi. Vijana wa shule hii wanauliza maswali mazito juu ya Mungu, na mara nyingi huambiwa wanyamaze. Ninyi ni baba zao na wajomba zao. Msiwanyamazishe. Kaeni nao, wasikilizeni mpaka mwisho, na katika mchango wetu wa maktaba mwaka huu tutenge rafu moja ya vitabu vya falsafa na dini.