Kitanda cha Mtoto wa Pumu: Funzo kutoka Umbilo



Pale Umbilo, mjini Durban, Afrika Kusini, ipo Hospitali ya King Edward VIII, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa wagonjwa wasio Wazungu. Mwaka 1951 jirani yake kilianza chuo cha udaktari cha wanafunzi weusi, ambacho leo kina jina la Nelson Mandela. Mtaa wenyewe ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika aliweza kulazwa Umbilo, asiweze kupanga nyumba hapo.

Hoja yangu ni moja: mtoto anapolazwa kwa ugonjwa ambao zahanati ingeutuliza, waliokosea wako nje ya wodi.

Chukueni pumu. Mtoto mwenye pumu anahitaji dawa mbili za kuvuta. Ya kwanza ni ya kila siku, hata akiwa anacheza vizuri. Ya pili ni ya kumfungua kifua akibanwa. Aliye na ya pili tu hupata nafuu jioni, na usiku wa manane anabebwa mgongoni kutafuta gari. Tena mdogo hawezi kuvuta dawa sawasawa bila chombo cha kupitishia, nacho ni ghali. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walithibitisha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako tundu linalobana mdomo wa kopo la dawa, inafanya kazi sawa na chombo cha dukani. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, anapumua taratibu. Basi.

Ila chupa haisafishi hewa. Kusini mwa Durban, sheria ya mwaka 1950 ya kutenga makazi kwa rangi iliwabana Wahindi Merebank na machotara Wentworth, na viwanda viwili vya kusafisha mafuta vikawa majirani zao. Katikati ipo Shule ya Msingi Settlers. Watafiti walipowachunguza wanafunzi wa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya nusu walikutwa na pumu, kali au nyepesi. Rangi haikuwaletea pumu watoto wale. Iliwachagulia mahali pa kuvuta pumzi.

Hata leo, nchini humo Wazungu wapatao saba katika kila kumi wana bima ya afya. Kwa Waafrika weusi ni kama mmoja. Zahanati za umma ni bure tangu 1996, lakini nauli si bure, wala siku ya kibarua iliyopotea kwenye foleni.

Dawa ya hali hii ilijulikana zamani. Mwaka 1940, huko Pholela, mashambani mwa Natal, madaktari Sidney na Emily Kark walianza kuwafuata watu nyumba kwa nyumba, wakapanda nao bustani za mboga, na utapiamlo wa watoto ukapungua. Serikali ya ubaguzi ikaiacha kazi hiyo ikafa.

Wanafunzi wangu, kesho mtapangiwa Tandale, Kibera, Likoni. Nawasihi: mtoto wa pumu asitoke wodini bila dawa yake ya kila siku, na mama yake asivuke geti kabla hajaitoboa chupa ile kwa mikono yake mwenyewe, nanyi mkiwa mmesimama kando yake.