Hodi Zisizo na Mgeni: Foleni Mlangoni mwa Seva

Juma hili makala yanaanzia Muscat, mji mkuu wa Oman, ambako Kiswahili kingali kinasikika katika nyumba za familia nyingi zenye asili ya Zanzibar. Katika nyumba hizo, kama ilivyo katika mwambao wa Afrika Mashariki, mgeni hupiga hodi, huambiwa karibu, naye huitikia kabla ya kuingia. Kompyuta nazo hufuata adabu iyo hiyo.

Adabu hiyo imo katika itifaki ya mawasiliano iitwayo TCP, ambayo kanuni zake zilichapishwa Septemba 1981. Kompyuta ya mteja hutuma ujumbe mfupi wa kubisha hodi. Seva, yaani kompyuta inayotoa huduma, humkaribisha. Mteja akithibitisha kuwa amesikia, ndipo mazungumzo huanza.

Bawabu wa mlango huo ni mfumo endeshi wa seva. Mfumo kama Linux huweka foleni mbili: ya kwanza ni ya waliokaribishwa lakini bado hawajaitikia, ya pili ni ya waliokwisha kuitikia, wanaosubiri programu ya huduma iwapokee. Foleni zote mbili zina kikomo. Kwa miaka mingi kikomo cha kawaida cha foleni ya pili katika Linux kilikuwa 128, hadi kilipopandishwa kufikia 4096 mwaka 2019. Hata hivyo, programu nayo hutaja kikomo chake, na kilicho kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kinachotumika. Foleni hiyo ikijaa, kwa kawaida Linux haimfukuzi mgeni. Hunyamaza tu, naye hubisha tena baadaye. Mtumiaji huona ukurasa unaochelewa kufunguka.

Hatari kubwa zaidi imo katika foleni ya kwanza. Kwa kawaida, asiyeitikia hukaribishwa tena hadi mara 5, na nafasi yake huweza kushikiliwa kwa takriban dakika 1. Mwenye nia mbaya akituma maelfu ya hodi kwa anwani za uongo, foleni hujaa wageni wasiokuwapo, na wa kweli hukosa nafasi. Seva haikuvunjwa wala haikuibiwa kitu. Imezibwa kwa ukarimu wake yenyewe. Hayo ndiyo yaliyoifika kampuni ya intaneti ya Panix, mjini New York, Septemba 1996, huduma zake zikavurugika kwa siku kadhaa.

Kurefusha foleni pekee hakutoshi, kwani hodi ya uongo haimgharimu sana anayeituma. Mwezi uleule, mwanahisabati wa Marekani Daniel J. Bernstein alipendekeza njia nyingine: seva isimwekee mgeni nafasi yoyote kabla hajaitikia. Badala yake, katika jibu la kumkaribisha iweke namba iliyokokotolewa kutokana na anwani yake, wakati, na siri inayojulikana na seva pekee. Mgeni wa kweli huithibitisha namba hiyo anapoitikia, naye hufunguliwa; wa uongo hatokei, wala hakuna nafasi aliyoichukua. Kwa kuwa njia hii huweza kupoteza baadhi ya maelezo ya mawasiliano, Linux kwa kawaida huitumia pale tu foleni inapojaa.

Kulinda milango ya namna hii si kazi ya fundi mmoja. Mwaka 2013, Oman na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, walizindua mjini Muscat kituo cha usalama wa mtandao kwa ajili ya nchi za Kiarabu. Serikali zinapohamishia huduma zake kwenye intaneti, mlango wa seva huwa ndio mlango wa ofisi. Ukizibwa na hodi za uongo, anayeumia ni raia aliyekuja na haja ya kweli.