Chakula cha Mchana Shuleni na Afya ya Vijana Wetu



Katika siku hii ya kuadhimisha hekalu letu, tumeona vema kunena juu ya chakula cha watoto walioko shuleni. Sadaka ya chakula, ambayo sisi Wahindu tunaiita annadana, huhesabiwa miongoni mwa sadaka zilizo kuu. Anayelishwa haulizwi kabila wala dini.

Mkoa wetu haukosi chakula. Mahindi, viazi, maharage, maziwa na maparachichi hutoka hapa kwenda kulisha miji mingine. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 30. Basi tatizo letu si ghala tupu. Ni sahani yenye ugali mwingi na mboga kidogo, tena ni mtoto aondokaye nyumbani alfajiri katika baridi na kurejea jioni bila kutia kitu kinywani.

Katika umri wa balehe mwili hukua kwa kasi, na msichana aliyevunja ungo hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Akipungukiwa damu huchoka na kusinzia darasani. Na kesho akiwa mama, huenda akajifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Ndivyo udhaifu wa mama unavyomfikia mwana.

Sehemu ya tiba imo jikoni mwetu. Wengi wetu hatuli nyama, na tumejifunza kwa bibi zetu kuchanganya nafaka na jamii ya kunde. Makande yenye maharage ya kutosha, pamoja na mboga za majani na tunda, ni mlo wa maana. Limau au pera husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Chai inywewayo pamoja na mlo huyazuia. Haya mwanafunzi afundishwe darasani na katika bustani ya shule.

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliagiza watoto wa shule za msingi za serikali wapewe chakula kilichopikwa. Hapa kwetu mzigo mkubwa uko kwa wazazi, wanaochangia mahindi, maharage na kuni. Linalotuuma ni kumwona mtoto ambaye mzazi wake hakuchangia akiketi kando, wenzake wakila. Twasihi: deni la mzazi lidaiwe kwa mzazi, bakuli la mtoto lisizuiwe. Nasi wenye maduka, mashine za kusaga na malori tuzibe pengo la kaya zisizoweza, kwa maharage, mafuta na chumvi yenye madini joto, muhula hata muhula.

Leo sote tutakula pamoja hapa. Jumatatu watoto watarudi shuleni, nao wale.

Mungu awabariki nyote.