Usishindane na jua la Matema
Sisi watu wa mjini tukifika Matema, wilayani Kyela, huielekeza kamera kwenye jua linapochomoza, kisha tunalalamika kwamba wavuvi wametoka weusi tititi. Kamera haina kosa: imepima ukali wa jua, ikaitia picha nzima giza.

Milima ya Livingstone iko mashariki, hivyo kunapambazuka muda mrefu kabla jua halijavuka vilele. Pigeni picha wakati huo, mwanga ungali mpole. Mstari wa maji usiikate picha katikati, na mtumbwi uwekeni pembeni. Jua likishatokeza, lipeni mgongo liwamulike wavuvi. Mvuvi aliyekubali kupigwa picha ana haki ya kuiona sura yake, si kivuli.