Kusoma Darasa Moja na Watu wa Mbali

(Maneno ya mhamasishaji wa jamii kwa vijana na wazazi, kambi ya Dzaleka, Malawi)



Wengi mnauliza masomo ya intaneti yanakwendaje, wakati mwalimu yuko ng'ambo na wenzako wa darasa huwajui hata sura. Si jambo geni hapa. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha masomo ya chuo kikuu kwa kompyuta hapa Dzaleka na kule Kakuma, Kenya, na stashahada ikatolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Kule Dadaab, kuanzia 2013, Chuo Kikuu cha York cha Toronto kilifundisha wakimbizi, na katika baadhi ya masomo walikuwa darasa moja la intaneti na wanafunzi wa Kanada.

Kompyuta utaizoea. Kazi iko kwenye desturi. Sisi tuliosoma Kongo, Burundi na Rwanda tumezoea mwalimu aseme, sisi tuandike. Kumpinga mkubwa ni utovu wa adabu. Mwenzako wa Toronto amefundishwa kuuliza na kubisha, na asipoona neno lako anadhani hukusoma. Humo hakuna anayekuona ukitikisa kichwa kukubali. Huonekani mpaka uandike. Na kuandika tu kwamba unakubaliana na mwenzako hakumsaidii mtu. Sema unakubali lipi, na kwetu jambo hilo likoje. Likiwa somo la ardhi au la ndoa, wewe unajua yasiyomo kitabuni, naye anayahitaji. Ukitaka kumpinga, taja kwanza hoja yake, kisha toa yako. Hiyo huko si matusi.

Kiingereza kikikusumbua kwa kuwa ulisoma kwa Kifaransa, kaeni watatu mjadili kwa Kiswahili, halafu kila mmoja aandike lake. Lake, nasema. Kunakili kitabu au mwenzako huhesabiwa wizi, na mtu anaweza kufukuzwa.

Halafu kuna saa. Kazi ikitakiwa Jumapili saa 23:59 ya Denver, hapa ni Jumatatu asubuhi, inakaribia saa tatu. Na miezi ile wanaposogeza saa zao mbele, inakaribia saa mbili. Mwenzako wa Kakuma yuko mbele yetu kwa saa moja. Mkiagana kukutana saa 8, ulizaneni: ya Kiswahili au ya Kizungu? Na umeme ukisumbua, waambie kikundi mapema, maana alama za kazi ya pamoja ni za wote.

Lililobaki ni zito. Wenzenu watauliza mlikotoka, kwa nia njema tu. Hakuna anayelazimishwa kusimulia ya vita. Ukisimulia, simulia yako. Usitaje jina la jirani, kijiji chake, wala mahali anapoishi kambini. Maandishi ya intaneti hunakiliwa na kusafiri, na wapo kati yetu wanaoogopa kutafutwa.

Wazazi, binti akiandikishwa, mpunguzieni zamu ya maji siku za darasa. Akikosa yeye, kuna watu wanamngoja hadi Kanada.

Anayetaka nimwoneshe kugeuza saa, aje na daftari baada ya mkutano huu.